Mpini wa Mpera

Kisu kilikuwa na umri wangu, au kilinizidi kidogo.
Bapa lake lilikuwa limeliwa na jiwe la kunolea
hadi likabaki jembamba kama jani la muwa,
lakini makali, makali yalikuwa yale yale
yaliyonisomesha.
Mpini ndio uliokufa:
plastiki nyeusi, upande mmoja umeyeyuka
siku kiliposahauliwa kando ya jiko,
upande wa pili umefungwa tyubu ya baiskeli,
raundi saba, na fundo.

Kila jioni, steji ya Chavakali,
mama huyakunja majani ya sukuma kiganjani
akayakata hapo hapo hewani, bila ubao,
ya kumi, ya ishirini,
nami nikiona tyubu inavyoteleza,
na vidole vilivyovimba maungoni
vinavyoitafuta upya baada ya kila kata.

"Tununue kingine."
"Vya siku hizi ni bati," akasema,
na huo ndio ukawa mwisho wa mjadala.

Nikaenda nyuma ya choo, kwenye mpera.
Mpera ule! Fimbo zote za utoto wetu zilitoka kwake;
tulitumwa tukazikate wenyewe,
na ole wako ulete nyembamba.
Tawi lililoangushwa na mvua ya mawe mwaka juzi
lilikuwa limekauka, gumu kama deni.
Msumeno ukalia kama mbuzi.
Asiligwa, fundi wa vitanda, akaniazima keekee
pamoja na ushauri nisiouomba:
"Mpera hupasuka. Usiuharakishe."

Mbao mbili, mkia wa chuma katikati,
gundi ya mirija miwili,
misumari ya inchi nne niliyoikata ikawa pini,
na ile ile tyubu ikabana vyote usiku kucha.
Msasa. Msasa tena. Mafuta ya alizeti.
Ukatoka umenyooka, umeng'aa,
rangi ya chai iliyokolea maziwa.

Mama akaupindua mara mbili.
Mara mbili ukamponyoka.
"Ni mzuri," akasema. "Kiweke kabatini
na vikombe vya wageni."

Sikujibu. Nilikuwa nimeupimia mkono wangu.

Usiku, ugali ukiwa umebaki sufuriani,
nikampa donge lililopoa.
"Lishike kama unavyoshika kisu."
"Umerukwa?" Lakini akalishika,
akalikaza hadi mshipa wa shingo ukasimama.
Likabaki na bonde la gumba, na matuta,
na pengo pana pale kidole cha kati
kisipokunjika tena.
Nikaliweka dirishani likauke.
Asubuhi kuku alikuwa amedonoa kidole cha shahada chote.
Hicho nikakikisia.

Mpini wa pili una sura ya muhogo.
Una nundu. Umepinda kushoto,
umenenepa mahali ambapo mipini yote hukonda.
Asiligwa aliuliza nani ameukanyaga.

Siku ya soko mama alikichukua bila kukitazama,
kama mtu anayechukua chumvi gizani.
Sukuma ikaanza kumwagika kwenye karatasi,
nyuzi, nyuzi, nyuzi,
na mteja akasema, "Ongeza kidogo, Kageha,"
naye akaongeza, jambo ambalo si kawaida yake.
Kwangu hakusema neno.
Jioni tu akauliza,
"Ile tyubu yangu umeiweka wapi?"
Nikampa. Akafungia gunia la makaa.

Alipotoka kwenda kuita kuku
nilikiokota kisu pale kwenye sinia.
Gumba langu likaelea ndani ya bonde lake.
Nundu ikanisukuma kiganja.
Nikajaribu kuvimbisha vidole, nikajaribu
kutokunja kile cha kati,
nikasimama hivyo jikoni, kitunguu mbele yangu,
nikijifunza.

"Unakichezea?" sauti ikatoka uani.
"Kirudishe."